Kundi Limevunjika, Hesabu Ziko Wapi?

Leo najua wapo watakaoniuliza, "We nawe, makundi ya Korea yanakuhusu nini?" Yananihusu, kwa sababu chumba changu cha kushonea kina wasichana watatu na simu zao haziishi nyimbo hizo kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Kama nyimbo zinafaa au hazifai waulizeni masheikh wenu, sina elimu hiyo. Mimi nataka kuzungumza pesa.

Mwezi wa Mei 2021 mtoto wa kaka yangu, ambaye nilikuwa namfundisha kutia shanga, alikaa sakafuni na shela ya watu mapajani huku machozi yanamdondoka. Nikadhani kuna msiba nyumbani. Kumbe GFRIEND wamevunjika. Nilimwambia aiweke shela pembeni kwanza, maana machozi yanaacha alama kwenye lesi nyeupe, kisha anihadithie.

GFRIEND walikuwa wasichana sita. Walianza Januari 2015 chini ya kampuni ndogo inayoitwa Source Music, na wakapata jina kubwa kuliko kampuni yenyewe. Tarehe 18 Mei 2021 kampuni ikatoa tangazo fupi kwamba mikataba inamalizika tarehe 22. Siku nne tu! Hapakuwa na tamasha la kuaga wala nyimbo ya mwisho, na sababu haikutajwa. Wasichana wenyewe waliandika barua za mkono kuwaaga mashabiki, basi.

Kilichowachanganya mashabiki zaidi ni muda. Kule makundi mengi husubiri miaka saba, kwa sababu huo ndio ukomo wa mkataba wa mfano uliowekwa na Tume ya Biashara ya Haki ya Korea mwaka 2009, pale vijana watatu wa TVXQ walipokwenda mahakamani kulalamikia mkataba wa miaka 13. GFRIEND walikuwa hawajafika hata miaka sita na nusu. Hapo ndipo kila mtu akaanza kusema lake. Mmoja anasema kampuni ina madeni. Mwengine anasema Source Music ilishanunuliwa mwaka 2019 na Big Hit, wenye BTS, ambao baadaye walijiita HYBE, na wakubwa hao wameona wasichana hawalipi. Mwengine anasema wanapisha kundi jipya. Na wapo waliosema mambo ya siri za wasichana wenyewe, ambayo siwezi kuyaandika hapa na hata kuyasikia sikupenda.

Mtoto wa kaka yangu akanionesha kwenye simu ukurasa umejaa tarakimu. Kule Korea hesabu za kampuni kubwa huwekwa wazi kwenye mfumo wa mtandaoni unaoitwa DART, mtu yeyote anafungua anasoma. Watoto wa shule wanatafsiri kwa simu, wanalinganisha mapato ya mwaka huu na wa jana, wanabishana. Nilishangaa kweli. Mimi nimemaliza sekondari na kozi ya cherehani, nimefanya biashara miaka kumi na kitu, na karatasi ya hesabu ya kampuni nilikuwa sijapata kuiona.

Mama yake alikuja juu. Alisema ni umbea, ni dhana mbaya, na dhana tumekatazwa. Kwa upande wa siri za wasichana namuunga mkono wifi yangu moja kwa moja. Nani kachoka na nani, nani ana mchumba, nani hasemi na mwenzake, hayo hatuna haki nayo hata kama tumenunua picha zao. Lakini kuuliza pesa zimekwenda wapi sioni kama ni jambo la aina hiyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan imehusu kuandikiana deni, na iko vile kwa sababu watu wakiachwa na maneno matupu watadhaniana tu.

Nitawaambia kwa nini nasema hivi kwa uchungu.

Lipo kundi jengine la huko huko, LOONA, wasichana kumi na mbili. Walitambulishwa mmoja mmoja kuanzia Oktoba 2016 mpaka Machi 2018, kila mmoja na nyimbo yake na video yake, kisha Agosti 2018 wakatoka kundi zima. Hebu fikiria gharama hiyo. Novemba 2022 kampuni yao, BlockBerry Creative, ikamtoa mmoja wao anayeitwa Chuu, ikimshutumu kuwatolea maneno makali wafanyakazi. Mashabiki hawakuamini, wakasema hapa pana pesa. Waligoma kununua albamu iliyotangazwa kutoka Januari 2023, na kampuni ikaiahirisha bila tarehe.

Safari hii hesabu zilitoka nje. Gazeti la mtandaoni la Dispatch liliandika mkataba wa Chuu ulivyokuwa: mapato yanagawanywa saba kwa tatu, kampuni saba na msanii tatu, na gharama wanagawana nusu kwa nusu.

Isome tena taratibu, maana mimi ilinichukua dakika mbili na kalamu. Tuseme imeingia milioni mia moja, na gharama ni milioni sabini. Faida ipo, milioni thelathini. Kampuni inachukua sabini, inatoa thelathini na tano za gharama, inabaki na thelathini na tano. Msichana anachukua thelathini, anatoa thelathini na tano, anadaiwa milioni tano. Yaani kazi imeleta faida, na aliyeimba anatoka na deni. Gharama zikipita sitini katika kila mia, kila akifanya kazi ndio deni linazidi.

Niliweka kalamu chini nikanyamaza, kwa sababu mkataba huo nilishawahi kuusaini mimi. Si kusaini, hata karatasi hatukuwa nayo. Nilipomaliza kozi nilishirikiana na dada mmoja mkubwa kwangu, ana mlango wa duka na wateja, mimi nina mikono. Tukakubaliana mapato yeye sita mimi nne, gharama nusu kwa nusu. Nikaona ni haki tupu! Nusu kwa nusu, nani atakataa? Lakini magauni ya harusi yanakula gharama: lesi, shanga, kodi ya mlango, umeme, wasichana wa kusaidia. Tukiingiza milioni moja, laki nane zimeshakwenda. Yeye anapata laki sita anatoa nne, anabaki na mbili. Mimi napata nne natoa nne. Msimu mzima wa Shaabani nashona mpaka alfajiri, Ramadhani inaingia na mimi naomba mkopo wa futari kwake yeye yule.

Sikuiona hesabu ile. Nilijiona mimi ndiye mbadhirifu, labda nakula sana nauli. Nikaondoka ghafla, bila kusema, katikati ya mfunguo mosi. Na hapa ndipo nilipokosa mimi. Walikuwapo mabiharusi walioacha advansi dukani, wanakuja wanakuta fundi hayupo. Basi watu wakasema. Wakasema tumegombea mume. Wakasema mmoja kamfanyia mwenzake uchawi. Mama yangu aliulizwa kwenye arubaini ya watu! Nilinyamaza nikijiambia ni stara, na yeye akanyamaza. Kama ningetoka nikasema maneno mawili tu, kwamba tumeshindwana katika hesabu na gauni lako litakwisha siku fulani, ule uongo wote usingepata pa kukaa.

Kwa hiyo kampuni ikitoa tangazo la mistari michache na kuwapa watu siku nne, sishangai mashabiki wakijaza wenyewe pale palipoachwa wazi. Watu wametoa pesa zao, wamelipia uanachama, wamenunua albamu ile ile mara tatu ili wasichana wapande chati. Nawaona ni kama wale mabiharusi wangu.

Si kwamba mashabiki wanapatia kila mara. Mwaka 2023 wasichana wanne wa FIFTY FIFTY, wenye ile nyimbo ya "Cupid" iliyozunguka dunia nzima, waliishitaki kampuni yao ndogo ya Attrakt wakidai hawaoneshwi hesabu sawasawa. Mtu angedhani ni kisa kile kile. Lakini Agosti mwaka huo mahakama ya Seoul ililikataa ombi lao, Wakorea wengi wakawa upande wa kampuni, na mmoja wao, Keena, akarudi. LOONA nao walikwenda mahakama hizo hizo: Januari 2023 wanne wakaachiwa, wenzao wakakataliwa, na mpaka Juni wote walikuwa huru. Ndiyo maana mimi nawaambia wasichana wangu wadhani wanavyotaka juu ya tarakimu, ila wasimtie mtu jina la mwizi mpaka karatasi iseme.

Kwa wanaopenda kujua, watatu wa GFRIEND wakaunda kundi la VIVIZ, na Source Music kweli ikatoa kundi jipya, Le Sserafim, Mei 2022. Januari 2025 wote sita walikusanyika tena kuadhimisha miaka kumi. Mtoto wa kaka yangu alilia tena, safari hii nilihakikisha hana kitambaa cha mtu mkononi. Na sababu ya mwaka 2021 mpaka leo anaitafuta.

Wiki iliyopita, tunakunja magauni ya kukodisha, akaniambia, "Shangazi, samahani, nina suala." Nikamwambia sema mwanangu. "Mimi hapa unanilipa kwa hesabu gani?"

Nilitaka kumkemea, wallahi. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikaenda kuchukua daftari, tukakaa chini sote wanne. Tulikuta nauli zao za kwenda Darajani kununua shanga tangu mwezi wa Rajabu sijawarudishia, na magauni mawili ya kukodi niliyaandika mara moja. Nauli nimeshazilipa. La magauni bado tunabishana, kwa sababu yeye anasema mawili na mimi nakumbuka ni moja, na aliyekodi hapokei simu.