Mapigo ya Moyo na Baiskeli ya Nyumbani

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetukabidhi miili hii iwe amana kwetu. Ama baad.

Baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, imewavutia kina mama wengi wanaotaka kupunguza uzito, na sababu yake iko wazi: mwanamke huitumia kwa stara ndani ya nyumba yake, watoto wakiwa karibu. Pamoja nayo imekuja saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Je, nambari ile ina maana gani, na yafaa kufuatwa?

Kawaida iliyozoeleka ni kutoa umri katika 220. Kinachobaki hukadiriwa kuwa upeo wa mapigo kwa dakika moja. Mama wa miaka 40, basi, upeo wake ni 180. Mazoezi ya wastani huwa baina ya nusu ya upeo huo na asilimia 70, yaani mapigo 90 hadi 126. Akiwa hapo atahema, lakini ataweza kuzungumza. Kuimba ndiko kutakakomshinda. Shirika la Afya Duniani linawahimiza watu wazima wafikishe angalau dakika 150 za mazoezi kama hayo kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku tano.

Faida ya kipimo hiki ni kutuweka katikati. Kuna akanyagaye kivivu huku akitazama runinga, moyo wake usijue kwamba yuko kazini. Kuna pia aanzaye kwa pupa, na siku ya tatu magoti yanauma, baiskeli ikageuka mahali pa kuanikia leso. Dini yetu imetufunza wastani katika mambo yote, na zoezi nalo ni miongoni mwayo.

Hata hivyo, nambari isomwe kwa busara. Hesabu ya 220 ni makadirio. Watu wawili wa umri mmoja waweza kutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi. Saa husoma mwendo wa damu kwa mwanga upenyao ngozini, na ikilegea hukosea. Kalori zinazoonekana kwenye kioo cha baiskeli nazo ni za kukisia, na mahamri matatu kwa mbaazi za nazi yatosha kurudisha zilizotumika kwa nusu saa. Asiyeiangalia sinia yake, saa haitamsaidia.

Lililo zito zaidi lawahusu wanaotumia dawa za presha. Baadhi ya dawa hizo, kama vile atenololi, hupunguza kasi ya moyo. Mama anayezitumia aweza kujitaabisha mno akiyasaka mapigo 120 ambayo dawa inauzuia moyo wake kuyafikia. Huyu asiifuate hesabu. Afuate pumzi zake, na amwulize daktari kabla ya kuanza. Wala asiache dawa ili nambari ipande! Mjamzito, na mwenye maradhi ya sukari au ya moyo, pia watake ushauri kwanza. Na yeyote abanwaye na kifua au ashikwaye na kizunguzungu, asimame na atafute matibabu mara moja.

Mwenye kudumu ataona jambo la kufurahisha baada ya wiki kadhaa: kwa mwendo ule ule, mapigo yatakuwa machache kuliko ya siku ya kwanza. Huenda mizani haijashuka sana, lakini moyo umepata nguvu, na hilo ni bora kuliko kilo mbili.

Nanyi waume wenzangu, nusu saa hiyo haipatikani ikiwa jiko, watoto na wageni vyote vimemwelemea mtu mmoja. Tuwashike watoto, naye apande baiskeli yake kwa utulivu.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema na familia zetu. Amin.