Gari la mwanafunzi lisinunuliwe tayari

Muhula uliopita, wanafunzi wa Gredi ya Tano katika shule anayosomea binti yangu waliagizwa kuunda kigari kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yao. Siku ya maonyesho nilihesabu vigari ishirini na vitatu juu ya meza. Kumi na saba kati yavyo vilifanana kama watoto wa tumbo moja: waya ule ule, magurudumu yale yale yaliyokatwa kwa ndara kuukuu, usukani ule ule mrefu uliopindwa na mkono mmoja. Vyote vilitoka kwa kijana wa jua kali auzaye bidhaa zake hatua chache kutoka lango la shule, shilingi mia tatu kila kimoja. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba kimoja kati ya hivyo nilikinunua mimi mwenyewe, saa kumi na mbili unusu asubuhi, mwenye kazi akiwa bado anasinzia.

Vile sita vilivyosalia vilikuwa na kasoro bayana. Kimoja kilikwenda upande kama kaa. Kingine kilikuwa na magurudumu ya mbele makubwa kuliko ya nyuma, kwa kuwa vizibo vya ukubwa mmoja havikupatikana nyumbani. Waliovileta walipewa alama ya kukaribia matarajio. Sisi wanunuzi tulizidisha matarajio.

Simlaumu mwalimu. Ana vitabu vingi vya kusahihisha, na hakuwepo nyumbani kwetu kushuhudia nani alishika koleo. Lililonichoma ni neno lenyewe tulilouita mtaala huu. Umilisi ni istilahi ambayo sisi wa isimu tulikuwa nayo muda mrefu kabla haijabandikwa kwenye majalada ya vitabu vya kiada. Mwaka 1965, Noam Chomsky alitenganisha umilisi, yaani maarifa ya lugha yaliyomo akilini mwa msemaji, na utendaji, yaani namna anavyoyatumia maarifa hayo anaponena. Umilisi hauonekani kwa macho. Mchunguzi huubaini kwa kuutazama utendaji, na aghalabu makosa ndiyo humfunulia mengi zaidi. Mtoto amwambiaye mwenziwe 'kuja hapa' badala ya 'njoo hapa' hakukosea kiholela. Amesikia tukisema 'kula', 'kunywa', akaijenga kanuni, kisha akaitumia mahali ambapo lugha imeweka neno la kipekee. Kosa hilo ni ushahidi kwamba akili inafanya kazi. Kadhalika kigari kilichokwenda upande. Kutoka kwa kigari changu cha shilingi mia tatu, mwalimu angeweza kubaini umilisi wa nani?

Niliyasimulia haya kwa mwenzangu mmoja chuoni aliyewahi kusomea Japani, nikitarajia anifariji. Badala yake alifungua kabati la ofisi yake na kunitolea boksi lenye picha ya gari jekundu likitimua vumbi ambalo Mkenya yeyote angelitambua. Lilikuwa gari la plastiki la kuunganisha, kazi ya kampuni ya Hasegawa kutoka mkoa wa Shizuoka: Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari za mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akisaidiwa na Hans Schüller. Gari halisi lilikuwa na urefu wa takriban mita nne na sentimita kumi na nne. Hili limepunguzwa mara 24, kwa hiyo likikamilika litafikia sentimita kumi na saba hivi. Ila ndani ya boksi hamna gari. Mna fremu za plastiki zilizoshikilia vipande vidogo vidogo, kila kimoja na nambari yake, pamoja na karatasi ya maelekezo. Mnunuzi hukata, husugua kwa msasa, hupaka rangi, huunganisha. Gundi yake si ya kubandika tu, bali huyeyusha nyuso mbili za plastiki hata zikawa kitu kimoja, kwa hiyo aliyekosea hubaki na kosa lake.

Huu ni uraibu wa mamilioni ya watu huko Japani, Marekani na Ulaya. (Neno uraibu siku hizi tumelizoesha mihadarati hata watu hulishuku likitumiwa kwa jambo la heri.) Nilipoisoma historia yake nilikutana na jambo ambalo limenikalia akilini tangu hapo. Vigari hivi havikuanza kama vitu vya kuunganisha. Mwaka 1949, kampuni ya Airfix ya Uingereza iliombwa kutengeneza mfano mdogo wa trekta la Ferguson ili mawakala wa mauzo wawe nao. Wafanyakazi walikuwa wakiyaunganisha matrekta hayo kwa mkono, kazi iliyokuwa na gharama. Baadaye kampuni ikaona afadhali iuze vipande vyenyewe, mnunuzi ajiunganishie. Marekani nako hali haikuwa tofauti sana. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa jimbo la Michigan mwaka 1948, ilikuwa ikitengeneza vigari vilivyokamilika kwa ajili ya wauzaji wa magari, hadi ilipoanza mwaka 1958 kuuza vile vya kuunganisha.

Hebu tulipime jambo hilo. Kiwanda kilimhamishia mnunuzi kazi ambayo kilikuwa kikiilipia mishahara, na mnunuzi, badala ya kulalamika kwamba ameuziwa kitu nusu, alirudi dukani kutaka kingine. Watu hao walitoa fedha ili wapewe kazi. Nasi tulio na mtaala uliowapa watoto wetu kazi hiyo bure tunatoa fedha ili waondolewe.

Hayo maboksi ya AMT ya mwaka 1958 yalikuwa na ubunifu mwingine ambao ningependa watungaji wa miongozo ya walimu wautafakari. Yaliitwa ya tatu kwa moja. Kwa vipande vile vile, mtoto aliweza kuunda gari jinsi lilivyotoka kiwandani, au lililorembwa kwa mtindo wa vijana, au la mashindano. Boksi lilikuwa moja lenye majibu matatu, yote sahihi, na uamuzi ulikuwa wa mtoto.

Mwenzangu huyo alinieleza pia habari za Shunsaku Tamiya, ambaye kampuni ya babake ilianza mwaka 1946 katika mji wa Shizuoka ikiwa ya kupasua mbao. Katika miaka ya 1970, alipotaka kuunda mfano wa Porsche 934, hakuridhika na picha wala vipimo. Alinunua gari zima la Porsche 911, akalifungua kipande kwa kipande ili aelewe lilivyofungwa. Mfano wake ulitoka mwaka 1976.

Natumia vitenzi 'kufungua' na 'kufunga' kwa makusudi. Nenda gereji yoyote nchini umsikilize fundi: injini hufunguliwa, kisha hufungwa. Wanafunzi wangu wa mofolojia huikariri kauli ya kutendua kwa mifano ya ziba na zibua, kunja na kunjua, pasipo kutambua kwamba fundi wa jua kali huiishi kauli hiyo mchana kutwa. Kwake kutendua ni njia ya kujua. Huwezi kukifunga sawasawa kitu usichowahi kukifungua. Naye huyo fundi ana msamiati tele wa vipande: bampa, boneti, rejeta, shokomzoba, klachi, plagi. Baadhi ya wasomi huyakunjia uso maneno hayo kwa kuwa ni ya kukopwa. Mimi sioni aibu yake. Hata 'safari', neno tulilolipata kutoka Kiarabu na ambalo leo linasomwa kwenye maboksi ya Shizuoka, halikuzaliwa hapa, na hakuna anayetudai.

Sitaki nieleweke kuwa nawahimiza wazazi wakaagize maboksi ya plastiki kutoka ng'ambo. Uraibu huo una upungufu wake. Karatasi ya maelekezo huamua karibu kila hatua, na mwenye kuifuata kwa utiifu anaweza kumaliza gari zima bila kuwaza hata mara moja. Isitoshe, kuna wakusanyaji ambao hawafungui maboksi abadan, wakijua kwamba boksi la kale lililofungwa lina bei kubwa kuliko gari lililoundwa, na wakisononeka kiwanda kinapotoa upya toleo walilokuwa wamelihifadhi. Hao ni wafanyabiashara, na wana haki yao, ila kwa mwalimu hawana somo.

Gari la waya, kinyume chake, halina karatasi. Tulioyaunda tukiwa watoto tuliketi kando ya barabara tukilitazama lori likipita, kisha tukarudi nyumbani na umbo lake kichwani. Kipimo kilikuwa jicho. Ekseli ikikataa kugeuka pamoja na usukani, ilibidi mtu afikiri upya, na hakukuwa na wa kumuuliza isipokuwa aliyemtangulia kwa mwaka mmoja. Ajabu ni kwamba ujuzi huu ulistawi zama ambazo mtaala ulishutumiwa kwa kukariri tu, na unanunuliwa tayari katika zama za mtaala wa umilisi.

Haya si mambo ya Gredi ya Tano pekee. Katika shule ya sekondari msingi, Gredi ya Saba hadi ya Tisa, kuna somo la kiufundi la awali. Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala huu liliingia sekondari pevu Januari 2026, wakigawanywa katika mikondo mitatu, mmojawapo ukiwa wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ikiwa kumbukumbu za miradi zitaandamana na mtoto na kuchangia kumwelekeza, basi kigari nilichonunua alfajiri ile si mzaha. Ni ushahidi wa uongo. Na anayepoteza kwanza ni mtoto wa mzazi asiye na shilingi mia tatu za ziada, yule ambaye kigari chake kilikwenda upande na ambaye huenda ndiye mhandisi pekee aliyekuwa juu ya meza ile.

Pendekezo langu kwa walimu ni dogo na halihitaji waraka wa Wizara. Kazi ya kuunda ifanyiwe darasani, hata kama itachukua vipindi vitatu na kuacha uchafu sakafuni. Wanaoshindwa kumaliza walete kazi ambayo haijakamilika, na wapewe alama kwa kueleza ni wapi ilipokwama na kwa nini. Maelezo hayo yawe kwa lugha yoyote mtoto aliyo nayo, Kiswahili cha gereji kikiwemo. Swali moja la mdomo, 'hapa ulifanyaje?', lingetuumbua sisi kumi na saba kwa dakika tano.

Nilimrudia yule kijana wa langoni nikamuuliza alijifunza wapi. "Mwalimu," akanijibu, "kakangu alikuwa na moja, nikaifungua alipoenda shule. Kuirudisha ndiko kulinichukua wiki nzima, na kipigo nilikipata." Nilimsimulia binti yangu habari hizo jioni. Jumamosi iliyofuata nilikuta kigari chetu cha kuzidisha matarajio kimetandazwa juu ya gazeti, vipande vyote, naye amekaza macho kwenye ekseli ya mbele. Hadi ninapoandika haya haijageuka, na hataki nimsaidie.