Kwenda Kuwatazama Ng'ombe Wakitolewa Bandani

Mama mmoja, mwenyeji wa pwani yetu, ambaye yeye na mumewe na watoto wao wamehamia Denmark, ametuandikia akitaka shauri. Asema kuwa kila mwaka katika mwezi wa Aprili, wenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa huko hufungua milango yao Jumapili moja, watu wakaenda kutazama ng'ombe wakitolewa bandani. Watoto wake wamealikwa na wenzao wa shule. Mumewe amekataa: aona kuwa hiyo ni sikukuu ya wasiokuwa Waislamu, na kama si sikukuu basi ni upuzi. Mama huyu hataki kumvunjia mumewe heshima mbele ya watoto, wala hataki watoto wakatazwe jambo ambalo dini haikulikataza.

Kabla mtu hajasema hili ni halali au hili ni haramu, imempasa kwanza kulijua lilivyo. Sisi tuna masika na vuli, kusi na kaskazi. Hatuna baridi ya kuua majani. Ndiyo maana wanafunzi wetu chuoni hustaajabu wakiambiwa kuwa Mfunguo Sita waitwa kwa Kiarabu Rabiul-Awwal, na kwamba rabii ni majira ya majani kuchipua. Majira hayo huko kaskazini ni jambo kubwa. Tangu kiasi cha mwezi wa Oktoba ng'ombe wengi hukaa bandani, kwani nje majani hayakui na ardhi ni tope au theluji. Hulishwa majani makavu, na majani mabichi yaliyovundikwa tangu kiangazi. Lifunguliwapo banda, mnyama wa kilo 600 na zaidi huruka na kurusha mateke kama mwana wa mbuzi.

Lakini furaha hiyo ya saa moja imetanguliwa na kazi ya majuma mengi, ambayo mgeni haioni. Mwenye shamba, na mkewe, na watoto wao, huzunguka ua wote nguzo kwa nguzo, kwani baridi huzing'oa na nyaya hulegea. Ng'ombe hukatwa kwato, kwa kuwa zilizorefuka bandani zitamwumiza akikimbia. Wapo ndama waliozaliwa, na kila mmoja sharti anywe dang'a katika saa chache za mwanzo, ama sivyo hukosa kinga ya maradhi. Na majani mapya nayo yana hatari yake: ni mororo, ni matamu, lakini mara nyingi yana upungufu wa madini ya magnesiamu. Ng'ombe akiyajaza tumbo ghafula huweza kutetemeka, akaanguka, akafa. Basi mwenye akili huwazoesha kidogo kidogo, akiwapa bado majani makavu bandani. Na katika hayo yote, kukamua hakuna Jumapili.

Ama siku yenyewe, ilianzishwa mwaka 2005 na wakulima wasiotumia mbolea wala dawa za viwandani, ili watu wa mjini wajue maziwa yao yatoka wapi. Jumapili imechaguliwa kwa kuwa ndiyo siku watu hawaendi kazini. Hapana ibada ndani yake. Hata Sweden, nchi ya jirani, wana desturi kama hiyo, na tangu sheria ya mwaka 1988 ni lazima ng'ombe wa maziwa watolewe malishoni wakati wa kiangazi. Aliyeipigania sana sheria ile alikuwa Astrid Lindgren, mwandishi wa vitabu vya watoto. Kumhurumia mnyama ni jambo ambalo Mtume wetu S.A.W. alilifundisha kwa maneno na kwa vitendo.

Na kuhusu upuzi, twamwomba baba wa watoto hawa aifungue Sura ya Nahl, aya ya 6. Mwenyezi Mungu anapohesabu neema za wanyama, baada ya joto na chakula alitaja pia uzuri waupatao watu kwa kuwatazama, warudipo jioni na watokapo asubuhi. Wafasiri wamesema kurudi kumetangulizwa kwa kuwa hapo matumbo yameshiba na viwele vimejaa. Basi kutazama kwenyewe kumetajwa katika neema. Vipi tutakuita upuzi?

Hata hivyo, kuruhusiwa kwenda si kuruhusiwa kufanya upendavyo. Mtume S.A.W. alikataza mtu kumkamua mnyama wa mwingine pasi na ruhusa, akakifananisha kiwele na ghala ya mwenyewe. Basi watoto wasifungue lango, wasiingie kwa ndama, wasimpe ng'ombe kitu, ila waambiwe. Wakiambiwa wakanyage maji ya dawa kabla ya kuingia, wasione wanadharauliwa. Uingereza mwaka 2001 ulizuka ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huweza kuchukuliwa hata kwa soli ya kiatu. Mashamba na njia zikafungwa, na wanyama zaidi ya milioni 6 wakauawa. Na mtoto aliyemshika ndama asile kitu mpaka aoshe mikono kwa sabuni, kwani mavi ya ng'ombe yana vijidudu viwezavyo kumharibu mtoto mdogo mafigo.

Mwenyeji naye asikalifishwe. Ansari mmoja alipowapokea Mtume S.A.W. na masahaba wake wawili wakiwa na njaa, akashika kisu achinje, aliambiwa ajihadhari na mnyama wa maziwa. Akachinja mwingine. Heshima ya mgeni haikufanywa iwe hasara ya nyumba.

Wakikaribishwa maziwa yaliyochemshwa, wanywe na washukuru. Jibini waulize kwanza imegandishwa kwa nini: siku hizi nyingi hugandishwa kwa vimeng'enya visivyotokana na mnyama, lakini si zote. Soseji wasile, kwani huko nyingi ni za nguruwe.

Shauri letu la mwisho ni kwa baba. Asiwatume watoto na watu wengine. Aende nao yeye mwenyewe, pamoja na mama yao. Achukue mkeka na viatu vya pili, maana katika madhehebu yetu ya Shafii mavi ya ng'ombe ni najisi, na matope ya malishoni hayakosi kuchanganyika nayo. Ng'ombe hutolewa saa sita mchana. Adhuhuri, kwa kuwa huko saa zimesogezwa mbele, huingia baada ya saa saba. Basi watakuwa na nafasi ya kutawadha, kumwomba mwenye shamba mahali pakavu, na kusali jamaa.