Mwanafunzi wa Sheria na Haki ya Mpangaji



Daktari kijana hahesabiwi kuwa amefuzu kwa sababu tu amevisoma vitabu vya tiba. Sharti apite wodini, amsikilize mgonjwa, ampime, na kazi yake ikaguliwe na aliyemtangulia. Mwanafunzi wa sheria, kwa upande wake, aweza kufaulu vizuri mtihani wa sheria ya ardhi bila kuwahi kuketi ana kwa ana na mama aliyepewa siku tatu ahame chumba. Upungufu huo si wa elimu peke yake. Ni upungufu wa haki, na wanaoumia ni majirani zetu.

Hoja yangu ni hii: vyuo vyetu vinavyofundisha sheria viwe na kliniki za wapangaji, yaani mahali ambapo wanafunzi, chini ya uangalizi wa mawakili, watawapokea wapangaji wenye matatizo na kuwasaidia bila malipo. Jambo hili si geni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako masomo ya sheria yalianza mwaka 1961, kilikuwa na kamati ya msaada wa sheria tangu miaka ya 1960. Ninachokiomba ni kwamba kazi ya namna hiyo iwe sehemu ya somo lenyewe, na ianze na wapangaji.

Kwa nini wapangaji? Kwa sababu katika miji yetu ni wengi, na wengi wao wanazijua haki zao kidogo. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi imekuwa mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na anayehitaji chumba leo hana nguvu ya kupatana. Manzese, Tandale au Buguruni ataambiwa alete kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja, pamoja na malipo ya dalali. Paa likivuja, huambiwa kwamba asiyeridhika ahame.

Wengi hudhani kwamba baada ya sheria ile kufutwa mpangaji amebaki mikono mitupu. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaingiza katika upangaji ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa hata kama hakuzitamka: kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa, na kwamba nyumba au chumba kilichopangishwa kwa makazi kitafaa kukaliwa na binadamu, mwanzoni na muda wote wa upangaji. Sheria hiyohiyo inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata ukiwa umefanywa kwa mdomo. Basi yule anayeambiwa, "Wewe huna mkataba," mara nyingi anao. Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe yafanana na akiba iliyofukiwa mahali asipopajua.

Hapo ndipo mwanafunzi anapohitajika, na hapo ndipo yeye mwenyewe atakapofundishwa mambo ambayo darasa haliwezi kumpa.

La kwanza ni kusikiliza. Kitabuni kesi huja ikiwa imekwisha kupangwa, lakini mpangaji huja na habari iliyochanganyika: kodi, ugomvi wa umeme, choo cha pamoja, mtoto mgonjwa, matusi ya juzi. Mwanafunzi atajifunza kuuliza kwa upole, kisha kutafuta ushahidi pasipo na risiti: ujumbe wa simu ulioonyesha fedha zilizotumwa, jirani aliyeshuhudia makabidhiano, picha ya ukuta uliopasuka.

La pili ni lugha. Mwanafunzi husoma sheria kwa Kiingereza, ilhali mpangaji husimulia kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanasheria asiyeweza kumweleza mama lishe haki yake kwa maneno anayoyaelewa, bado hajaielewa sheria anayojivunia.

La tatu ni kujua njia. Shauri lipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au mahakama? Kwa mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha, wala si kuamua. Asiyelijua hilo atampotezea mpangaji wiki nzima, na wiki hiyo yaweza kuwa ndiyo mlango unaotiwa kufuli.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Watasema kwamba mwanafunzi si wakili na aweza kuharibu shauri la maskini. Ni kweli, ndiyo maana barua au ushauri wowote usitoke kabla haujapitiwa na wakili. Penye wazee haliharibiki neno. Watasema pia kwamba wenye nyumba wengine ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo. Hilo nalo ni kweli. Mpangaji anayekaa miezi minane bila kulipa hali ana uwezo, anamdhulumu mwenzake, na kliniki haina budi kumwambia hivyo waziwazi.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni nyingine: kwamba mpangaji atafanywa kifaa cha mazoezi. Muhula huisha, wanafunzi huenda likizo, lakini notisi ya kuhama haiendi likizo. Kwa hiyo chuo kisifungue kliniki kabla hakijaamua ni nani atakayelibeba kila jalada wakati wa mitihani na likizo. Aidha, mwanafunzi asipimwe kwa wingi wa majalada aliyoyafungua, bali kwa jinsi alivyolifuatilia moja hadi mwisho.

Gharama yake si kubwa. Chuo kitoe mwalimu na saa za masomo. Mawakili watoe siku moja kwa mwezi. Parokia za mijini zitoe ukumbi wenye meza na viti alasiri moja kwa wiki, kwa watu wa dini zote. Tuzungumze na wakuu wa vyuo vilivyo karibu nasi kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, na tuwaulize waziwazi: je, wanasheria mnaowaandaa watamtambua mpangaji atakapobisha hodi?