Nafasi ya Reli ni Mali ya Umma

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili kuyakomboa mataifa na si kuwaneemesha wachache. Siku hizi treni za kampuni binafsi nazo zimeruhusiwa kupita humo. Hilo si kosa. Kosa ni kugawa nafasi za kupita kwa kutazama unene wa mfuko.

Njia ni moja. Treni mbili zikikabiliana, sharti mojawapo ingoje stesheni. Je, ingoje ipi? Iwapo shaba itapishwa daima, mahindi ya mkulima wa Laela, yaliyokwisha kusafiri kwa lori hadi Tunduma, yatangoja mpaka bei ianguke.

Haki inadai kanuni iliyo wazi: ratiba itangazwe, ada isibague, abiria na chakula vitengewe nafasi, na anayehodhi nafasi bila kuitumia anyang'anywe. Tena mgawaji asiwe miongoni mwa wanaogawiwa, kwani mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Reli ya wananchi haina budi kuwatumikia wananchi.