MWACHE DADA AMEZE DAWA YAKE

Leo nasema na nyinyi mnaowaambia wagonjwa watupe dawa.

Hapa Kayole, Umoja na Dandora kuna dada na kaka zetu wanaouguza mzazi aliyepooza. Usiku kucha wanaamka kumgeuza mama asipate vidonda vya kitandani. Maji yakikatika, wanapandisha mitungi hadi orofa ya nne. Miaka inapita. Mwili unachoka, na akili pia inachoka. Daktari anawapa dawa za msongo wa mawazo. Halafu wewe, uliyemtembelea huyo mama mara moja tu, unasema, "Hilo ni pepo. Imani yako ni haba."

Wewe unameza dawa ya presha kila asubuhi. Nani amekukemea?

Soma 1 Wafalme 19. Eliya aliomba kufa chini ya mretemu. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maswali yalikuja baadaye.

Dawa hizi si Panadol. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuziacha ghafla ni hatari. Daktari ndiye huzipunguza, pole pole. Ukimshauri mtu azitupe kisha tumzike, usisimame matangani kusema ni mapenzi ya Mungu.

Nami natubu. Niliwahi kuhubiri hivyo madhabahuni. Nisameheni.

Jumamosi hii usimtumie dada aya kwa WhatsApp. Nenda ukae na mama yake, yeye alale. Kisha muombe pamoja.

Amina.