Mtera na Haki ya Maji: Kila Mmoja na Deni Lake

Kila yanapopungua maji katika Bwawa la Mtera, lawama hupanda mlima. Hupita Iringa, hufika Mbarali, na hapo huwakuta mfugaji mwenye fimbo na mkulima mwenye jembe. Nasi wakazi wa Iyunga, ambao umeme wa viwanda vyetu na wa misikiti yetu hutoka katika gridi ya taifa, tumezoea kuziitikia lawama hizo bila ya kuzipima. Ndugu Waislamu, kumshuhudilia mtu jambo tusilolihakikisha ni dhuluma, hata kama mtu huyo hatumjui.

Mtera, lililo mpakani mwa Iringa na Dodoma, lilikamilika mwaka 1980 ili liyahifadhi maji ya masika kwa ajili ya mitambo ya Kidatu yenye megawati 204. Mitambo ya Mtera kwenyewe, megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Msafiri atokaye Mbeya kwenda Dodoma kwa njia ya Iringa hupita juu ya tuta lake, na wengi husimama kuutazama upana wa maji yale na kununua samaki wa kukaanga. Hakuna ubaya katika mapumziko hayo. Ila ni wachache wakumbukao kwamba sehemu kubwa ya maji wanayoyatazama imetoka mkoani kwetu: Mbarali, Kimani na Chimala hushuka kutoka milimani, huingia bonde la Usangu, na kutoka katika Ihefu huwa Ruaha Mkuu uendao Mtera. Ruaha Mdogo, unaowanywesha watu wa mji wa Iringa, na mto Kisigo huongeza vyao.

Sasa tuyatenganishe madeni mawili ambayo watu huyachanganya.

Deni la kwanza ni la giza. Mwaka 2006 Mtera ilishuka chini ya kiwango chake cha mwisho cha matumizi, mita 690 juu ya usawa wa bahari, na taifa zima likaingia katika mgao wa umeme. Ukame ulikuwa mkali, hilo halikanushiki. Hata hivyo, mwaka huohuo wafugaji wa Usangu walianza kuondolewa na mifugo yao, kwa hoja kwamba ndio waliokausha mto, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu migao ya miaka ya tisini ulikuwa umekwisha onesha jambo jingine: bwawa hujazwa na mafuriko ya masika, na kasoro kubwa ilikuwa katika namna maji yalivyofunguliwa na kutumiwa baada ya kuhifadhiwa. Kwa lugha nyepesi, ghala lilijaa, mwenye funguo akagawa bila hesabu, kisha akamshitaki mkulima. Walioyapoteza malisho na makazi yao walikuwa na haki ya kuisikia habari hiyo kabla ya kupakiwa kwenye malori.

Deni la pili ni la mto wenyewe, na hili ni letu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, mto ambao zamani haukukatika. Hapa mabanio ya Usangu hayawezi kujitetea. Mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, pamoja na mifereji mingi ya wakulima wadogo, huendelea kuchota mto hata mpunga ukishavunwa, na maji huzagaa katika majaruba matupu mpaka jua liyanyonye.

Sheria ya Kiislamu haikuliacha jambo hili. Mtume (s.a.w.) alihukumu kuhusu mabonde ya Mahzur na Mudhaynib huko Madina: wa juu ayazuie maji mpaka yafike vifundoni, kisha amwachie wa chini. Aliye juu ametangulizwa, ndiyo, lakini kwa mpaka unaopimika kwa mguu wa mtu. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka kwanza maji ya nyumbani, kisha maji ya kuuacha mto uishi, ndipo kilimo na mengineyo.

Mtu wa Mbarali atatujibu kwamba mfereji huohuo ndio maji yake ya kunywa wakati wa kiangazi. Ni kweli, na wengi wanaoagiza mabanio yafungwe hawajawahi kuishi mahali ambapo mfereji ukikauka mama hutembea saa nzima na ndoo kichwani. Kufunga banio bila ya kuchimba kisima ni kuhamisha kiu tu.

Kwa hiyo tunaitaka mamlaka ya umeme itangaze hadharani, kila mwezi, kina cha Mtera na kiasi cha maji kilichofunguliwa. Tunazitaka kamati za misikiti ya Usangu zikae na vyama vya watumiaji maji, ili mabanio yafungwe mara mavuno yanapokwisha. Na sisi wa Iyunga, tunaokula mchele wa Mbarali kila sikukuu, tuchange visima katika vijiji vilivyo pembezoni mwa mifereji hiyo, kabla kiangazi kijacho hakijaingia.